Mjadala: Je, mtu mwenye sonona anyang'anywe bunduki?

Mwanzisha mada, Tabora Mjini

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu tukiwa msibani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji wa leseni awe na akili timamu, na hilo ni jema. Lakini akili hiyo hutazamwa wakati wa kuomba, ilhali sonona haina msimu: mtu aliyepewa leseni akiwa mzima anaweza, miaka minane baadaye, baada ya tumbaku kukataliwa sokoni na deni la pembejeo kumwelemea, akawa hali, halali, wala haitiki salamu, na bunduki imesimama vilevile nyuma ya mlango wa chumba chake.

Tumezoea kumwogopa mgonjwa kwa ajili ya usalama wetu sisi. Takwimu za Marekani, ambako vifo vya risasi vimehesabiwa kwa miaka mingi, zinatuelekeza kwingine. Mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa risasi huko, na zaidi ya 27,000 kati yao walikuwa wamejiua. Inakadiriwa pia kwamba katika kila watu kumi wanaojaribu kujiua kwa bunduki, tisa hivi hufa, ilhali wengi wa wale wanaonusurika katika jaribio la namna yoyote hawafi kwa kujiua baadaye. Saa mbaya huja ikapita, ila bunduki haimwachi mtu aione ikipita. Je, anyang'anywe?

Mchangiaji, Urambo

Anyang'anywe, na mimi sioni cha kujadili. Leseni ya silaha si haki ya kuzaliwa nayo kama urithi wa shamba. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamua kwamba askari wake vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwishoni mwa wiki, na vifo vya kujiua vikapungua kwa takribani asilimia 40. Kama hatua ndogo hiyo iliokoa vijana jeshini, sisi tunamwonea aibu gani mwenye leseni wa hapa? Daktari akiandika "sonona", taarifa iende polisi siku hiyohiyo, na leseni ifutwe.

Mchangiaji, Sikonge

Mwangaluka, ndugu wa Urambo. Mfano wako ni mzuri, lakini umekujibu mwenyewe. Askari wale hawakuulizwa nani ana sonona na nani hana; bunduki zao wote zilibaki kambini, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kuficha ugonjwa. Wewe unataka daftari la daktari liwe daftari la polisi. Siku habari hiyo ikifika kijijini, hakuna mwanamume mwenye silaha atakayekanyaga hospitali kusema kwamba halali usingizi. Atasema ni malaria, atapewa dawa ya malaria, na atarudi kwenye bunduki yake.

Halafu, tuseme ukweli, silaha nyingi za huku kwetu hazina leseni ya kufutwa. Ni magobole, bunduki za kienyeji. Mjomba wangu alikuwa nalo, lilining'inia kwenye pau za nyumba tangu enzi za baba yake. Mwaka aliofiwa na mwanawe alikuwa akikaa chini ya mwembe tangu asubuhi, uji unapoa mbele yake mpaka unaota ngozi juu. Usiku mmoja shangazi, mkewe, alilishusha lile gobole, akalivingirisha kwenye kanga, akavuka nalo bonde hadi kwa jirani, likafichwa kwenye kihenge chini ya mahindi. Mjomba yu hai mpaka leo na hajawahi kuuliza lilikwenda wapi. Sasa niambieni: mbele ya sheria, shangazi ni nani? Angekutwa njiani, angekamatwa na silaha isiyo na kibali. Jirani naye ni mhalifu. Hata lingekuwa la leseni, leseni ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo. Na kama mumewe angekuwa amekwisha kujaribu kujiua, naye akalipeleka kituoni na kueleza hivyo, angekuwa amemshitaki, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa.

Mchangiaji, Kaliua

Mimi ni muuguzi, nitasema kidogo. Msiitazame bunduki peke yake. Sri Lanka iliondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali zaidi kuanzia miaka ya 1990, na katika muda wa miaka ishirini hivi kiwango cha kujiua kikashuka kwa takribani asilimia 70, bila kumwekea mgonjwa yeyote alama. Ni hoja ileile ya bunduki: kitu cha kujiulia kiwekwe mbali.

Mwanzisha mada, Tabora Mjini

Nimekuja nikiegemea upande wa Urambo, na naona shangazi wa Sikonge amenisogeza. Kumbe alichohitaji ni mahali halali pa kupeleka. Mwaka 2023 Jeshi la Polisi lilitoa muda wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushitakiwa. Mlango huo kama unaweza kufunguliwa kwa ajili ya jambazi aliyetubu, sioni kwa nini usiwe wazi mwaka mzima kwa mke wa mgonjwa. Jimbo la Connecticut huko Marekani lilipitisha mwaka 1999 sheria inayowezesha silaha kuondolewa kwa muda kwa amri ya mahakama, mtu anapoonekana yuko hatarini. Neno "kwa muda" ndilo ninaloling'ang'ania. Anayejua kwamba atarudishiwa bunduki yake ataitoa upesi kuliko anayejua kwamba ameipoteza.

Mchangiaji, Urambo

Kwa gobole nimekubali, maana hakuna kurudishiwa kitu kisicho halali. Lakini kwa bunduki ya leseni naomba mnieleze siku ya kuirudisha. Nani atatia sahihi kwamba huyu amepona? Daktari wa wilaya anayemwona kwa dakika kumi? Au tumpandishe treni hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na nauli tumlipie sisi? Mimi nisingetia sahihi hiyo. Ninyi mngetia?