Hospitali zilazimishwe kutangaza maambukizi yanayopatikana wodini?

Wakuu, kila ikitajwa antibayotiki, lawama humwangukia aliyenunua vidonge vichache vya amoksilini dukani asimalize dozi. Anachangia, ni kweli. Lakini kuna usugu wa bakteria dhidi ya dawa unaokomaa ndani ya hospitali zetu, na huo tunaunyamazia. Hoja yangu ni kwamba sheria izilazimishe hospitali za mikoa na za rufaa kutangaza kila mwaka ni wagonjwa wangapi walipata maambukizi ya damu baada ya kulazwa.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa Muhimbili. Wale waliokutwa kwenye damu na bakteria wa Gramu hasi (kundi kubwa la bakteria, Klebsiella wakiwemo), asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya watoto wenye malaria. Kupewa dawa isiyowaweza bakteria hao kuliongeza hatari ya kufa.

Fikirini wodi ya watoto njiti usiku. Muuguzi ni mmoja, watoto wamejaa, bomba halitoi maji. Anamwekea huyu kanula, anamgeuza yule, na mikono ni ileile. Klebsiella hupenda penye unyevu: kwenye sinki, kwenye chupa ya maji ya mashine ya oksijeni. Humo humo karibu kila mgonjwa anachomwa antibayotiki ya seftriaksoni bila damu kuoteshwa maabara ili kujua ni bakteria gani na dawa ipi inawaweza. Bakteria dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na nafasi yote, tena wanagawiana jeni za usugu hata na bakteria wa aina nyingine.

Linalonitisha zaidi ni ukali. Zamani Klebsiella sugu wa wodini waliwaangusha hasa waliokwisha kudhoofika. Klebsiella wengine, wale wakali, wenye ute mzito unaowakinga dhidi ya askari wa mwili, waliweza kumpata hata mtu mwenye afya njema na kumtia majipu kwenye ini, ila dawa za kawaida ziliwamaliza. Mwaka 2016 huko Hangzhou, China, sifa hizo mbili, usugu na ukali, zilikutana kwa bakteria mmoja: wagonjwa 5 wa chumba cha mahututi waliambukizwa, na wote 5 walifariki. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari kuhusu Klebsiella wa namna hiyo.

Wanaopinga husema wajawazito watakimbia hospitali wakazalie nyumbani. Hofu hiyo naiheshimu, maana kuzalia nyumbani nako kunaua. Lakini Uingereza ilizilazimisha hospitali zake kuripoti maambukizi ya damu ya MRSA, bakteria mwingine sugu wa hospitalini, tangu 2001, na baada ya kuwekewa lengo mwaka 2004 yalipungua kwa zaidi ya nusu. Watu hawakuacha kwenda hospitali. Wakurugenzi ndio walioanza kuulizwa maswali.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine: hospitali isiyootesha damu itatangaza sifuri na kuonekana safi kuliko inayopima kwa uaminifu. Kwa hiyo nataka idadi ya vipimo vya kuotesha itangazwe pamoja na maambukizi, na serikali igharimie vipimo hivyo badala ya kumwachia mgonjwa.

Mlioko maabara na wodini, semeni bila kutaja vituo vyenu: majibu ya kuotesha huchukua siku ngapi kumfikia daktari, na yakifika, dawa hubadilishwa? Na anayeona takwimu zibaki wizarani, aeleze mzazi wa mtoto njiti atazipata wapi.