Naomba ushauri: nimeacha kujiona mtu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Kayole, Nairobi, na watoto wawili. Mwaka wa 2023 nilifutwa kazi, na miezi minne baadaye baba watoto akapanga nguo zake kwenye mfuko akaenda. Sasa nauza mitumba. Saa kumi na moja asubuhi niko soko la Gikomba nikingoja marobota yafunguliwe.

Pesa si tatizo kubwa, kodi inalipika. Shida ni mimi. Juzi mteja aliniambia, "Dada, wewe una jicho la kuchagua nguo." Nikageuka nyuma nione anaongea na nani! Nilipofika nyumbani nilikaa juu ya mtungi wa maji nikalia mpaka chai ikafurika jikoni.

Mama yangu anasema niombe tu. Naomba, lakini (Mungu anisamehe) huwa nasinzia katikati. Rafiki yangu wa chama anasema nitafute mshauri nasaha. Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili, naiogopa, maana huku mtaani ukionekana ukiingia pale tayari wewe ni chizi. Jumapili nikitembea kwenye bustani ya miti ya Arboretum peke yangu napata nafuu, halafu Jumatatu inanikuta palepale.

Mliopitia haya, mlianzia wapi? Mshauri wa bei nafuu upande wetu huku Eastlands anapatikana? Na mtoto wa miaka 9 akiuliza, "Mama, mbona siku hizi hucheki?" mnamjibuje?