Beetle ya 1969: vifaa vya kupasha joto vya egzosi vibaki au ving'olewe?

MtuWaSection58: Wadau, naombeni ushauri. Nina Volkswagen Beetle ya 1969, injini ya 1500, karibu kila kitu ni cha kiwandani. Fundi wangu hapa Nakuru anasema maboksi ya hita yanayozunguka mabomba ya egzosi ni mzigo tu, na kale kabomba kembamba kanakopasha manifoldi (bomba linalopeleka petroli na hewa kwenye silinda) kameziba. Anataka kung'oa vyote aweke mabomba matupu yasiyo na hita. Moyo wangu unakataa, lakini anataka jibu kesho.

Fundi_Shabab: Hivyo ni vitu viwili, usivichanganye. Kabomba hupitisha moshi wa moto chini ya manifoldi. Kabureta ya Beetle iko katikati, petroli husafiri mbali kufika kwenye silinda. Manifoldi ikiwa baridi, petroli hugeuka matone njiani na gari hukohoa ukikanyaga mafuta. Kazibue, usikakate.

Kondele_Original: Huku Kisumu nilikang'oa kitambo na gari linawaka vizuri tu. Marehemu mzee alikuwa na Volkswagen, na alivyopenda kutusimulia Safari Rally ya 1962 Beetle iliposhinda! Hizo gari ni ngumu, ndugu. Ng'oa, uendeshe.

Fundi_Shabab: Kisumu kuna joto, si kama Timboroa kwenye baridi ya milimani. Kukiwa na ukungu alfajiri, kabureta inaweza kushika barafu hata kama nje hakujaganda, kwa sababu petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto. Mwenye uzi, unaendesha wapi?

MtuWaSection58: Nakuru hadi Burnt Forest, alfajiri. Nawapeleka watoto kwa nyanya yao.

MamaLanet: Na haraka ya kesho ni ya nini? Kuna jambo hujasema.

MtuWaSection58: Sawa. Watoto hulalamika kichwa tukikaribia Timboroa. Lakini tukifungua vioo hupata nafuu, kwa hiyo si jambo kubwa. Halafu kuna mtu wa Nairobi anayetaka kuyanunua maboksi, ameshatuma pesa ya kianzio, siwezi kumgeuka.

MamaLanet: Si jambo kubwa? Jirani yetu alilala na jiko la makaa ndani, mlango umefungwa. Hakuamka. Mungu amekupa watoto, wewe unahesabu kianzio!

Fundi_Shabab: Maboksi hupasha hewa ambayo feni ya injini huisukuma ndani ya gari; boksi likitoboka, moshi wa egzosi unaingia nayo. Sumu yenyewe haina harufu. Simamisha gari hilo leo.

Mkulima_Molo: Ngojeni kwanza. Maboksi yametoboka, na bado mtu anayalipia? Hii imetungwa. Ni tangazo la spea.

MtuWaSection58: Sijatunga. La kushoto ndilo bovu, kutu imelila pale kwenye kiungo mpaka kidole kidogo kinapita. La kulia ni zima. Mnunuzi aliona picha ya la kulia.

Mkulima_Molo: Kumbe! Basi anayedanganywa si sisi.

Fundi_Shabab: Mwambie mnunuzi ukweli. Kisha tafuta boksi zima la kushoto, lile bovu la kiwandani liweke stoo. Ukilazimika kutumia mabomba matupu, ziba matundu mawili ya hewa kwenye kasha la feni, la sivyo hewa ya kupoza injini itapotea. Kabomba kabaki. Watoto wapande matatu.

MtuWaSection58: Nimempigia. Bado anataka la kulia, kwa bei nzuri tu. Nimpe?

Fundi_Shabab: Ukimpa, utakuwa unatafuta mawili. Mrudishie pesa yake.