Chanjo ya homa ya mafua: tuanze na watoto au na mama zao?

Mchangiaji aliyenitangulia amesema kwamba, kwa kuwa kijana wa chuo hutosheka na sindano moja, mtoto wa miaka miwili naye atatosheka nayo, hivyo chanjo ya homa ya mafua iingizwe mara moja katika ratiba ya kliniki za watoto nchini. Nakubali kwamba homa hii si kamasi za kawaida, ila hesabu yake ya sindano siikubali.

Kijana wa miaka 20 amekwisha kukutana na virusi hivi mara kadhaa, pengine akidhani ni malaria, kwa hiyo chanjo huamsha kumbukumbu iliyokwisha kujengeka mwilini, na baada ya wiki mbili hivi kingamwili zake huwa zimepanda. Mtoto mdogo mara nyingi hana cha kuamshwa. Dozi ya kwanza humfundisha tu, na ya pili, wiki 4 au zaidi baadaye, ndiyo humpa kinga ya kutegemewa. Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupangiwa dozi 2. Mwanangu wa miaka mitatu alichanjwa katika zahanati moja binafsi hapa Kinondoni, tukalipa, na kwenye kadi yake nafasi ya tarehe ya kurudi iko tupu hadi leo.

Isitoshe, kirusi chenyewe hubadilika, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini ya dunia na Septemba kwa kusini, kwa hiyo mtoto atatakiwa kurudi kila mwaka. (Sisi wa Dar es Salaam, ambako homa hii haingoji majira ya baridi, tufuate kalenda ipi?)

Mimi ningeanza na wajawazito. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi kabisa, naye ni miongoni mwa wanaozidiwa upesi. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma zikamlinda miezi yake ya mwanzo. Ni sindano moja, katika kliniki ileile ambako mama huchomwa ya pepopunda.

Atakayesema kwamba hivyo tunawaacha watoto wa chekechea, ambao ndio huleta homa nyumbani, ana hoja. Lakini atueleze kwanza nani atawafuatilia warudi kwa dozi ya pili.