Umeme wa kwenye mahema: sola, jenereta au tuvute kwa jirani?

Mtoto_wa_Isanga
Wakuu habari za jioni. Huku Mbeya tope lilishuka mlimani likaingia majumbani, sasa tupo familia 6 kwenye mahema kiwanjani kwa ndugu yetu na tutakaa kama miezi mitatu. Giza linatutesa, kuna wazee na mama ana kichanga. Tumechanga laki 9. Wengine wanataka jenereta, wengine sola, jirani wa mita 60 kasema tuvute kwake. Naombeni ushauri.

Fundi_Mwanjelwa
Poleni sana mkuu. Jenereta hapana. Hata ile ndogo, masaa manne kila usiku inaweza kunywa mpaka lita 3 za mafuta, tukikadiria lita moja ni sh 3,000 hiyo ni 9,000 kwa siku, piga miezi mitatu ni 810,000 na jenereta yenyewe bado hujanunua. Halafu isikae ndani wala karibu na mlango wa hema, moshi wake una hewa ya sumu ambayo huisikii harufu, watu wanalala hawaamki.

Soweto Kijana
Si mvute tu kwa jirani jamani, waya na soketi mnamaliza, LUKU mnachangia.

Fundi_Mwanjelwa
Mdogo wangu hapo ndo watu wanapoungua. Waya mwembamba mita 60 juu ya majani yenye umande, mmoja anachomeka jiko la koili wati 2,000 maana baridi kali, waya unachemka turubai linashika moto. Na jirani kama yuko tarifu ya bei nafuu, ile ya mwisho uniti 75 kwa mwezi, mkimvusha hapo bei ya uniti inaruka na analipa yeye. Kama lazima mvute, muulizeni TANESCO kwanza, waya uwe mnene, na breka ya kukata umeme ukivuja iwepo, ile ya miliampia 30.

Mama Tukuyu
Sola nzuri ila angalieni msimu wanangu. Sisi Rungwe masika ukungu unakaa mpaka mchana, tulikuwa tunaishia kuwasha taa mbili tu. Mwezi huu wa sita jua lipo Mbeya, shida ni baridi.

Fundi_Mwanjelwa
Kweli mama. Hesabu yake: taa 12 za wati 5, masaa matano, ni wati-saa 300, simu 12 weka 180, jumla 480. Betri ya volti 12, 100Ah (ampia-saa) ina wati-saa 1,200 ila ya asidi msitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo mna 600, inatosha. Paneli wati 200. Jiko na pasi msiguse.

Mtoto_wa_Isanga
Ndaga fijo fundi, asante sana. Basi sola, taa na simu tu. Baridi tutaomba mablanketi, na mkaa ndani ya hema nimeshakataza. Betri tuiweke hema la mzee katikati?

Fundi_Mwanjelwa
Hapana, ikichajiwa inatoa gesi. Ikae nje kwenye boksi lenye matundu, juu ya tofali, mvua isifike, na fyuzi karibu na ncha ya chanya.