Mahindi gani hayaliwi sana na dumuzi?

Mkulima_Kongwa: Wakuu habari za kazi. Kuna mbegu ya mahindi isiyoliwa na dumuzi (yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani) kabisa? Chotara yangu (mbegu ya kuchanganya aina mbili) inazaa vizuri ila miezi mitatu ghalani ni unga mtupu, ila ya bibi yenye vihindi vidogo inafika hadi msimu mwingine.

Bwanashamba Mstaafu: Isiyoliwa kabisa haipo ndugu, ipo inayochelewa kuliwa. Dumuzi katokea Amerika ya Kati, huku kajulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80, mahindi yetu hayakuwa yamemzoea. Ya bibi ina punje ngumu zinazong'aa na maganda yamebana hadi nchani, chotara nyingi zinaacha ncha wazi, fukusi, mdudu mwingine wa ghalani, anaingia hapo mahindi yakiwa bado shambani.

mama_kuku: Sasa si achague mbegu ghalani tu?

Bwanashamba Mstaafu: Hapana mama, ghalani huoni maganda. Chagua yakiwa kwenye bua, katikati ya shamba maana pembeni yamechanganyika na chavua ya jirani, na chukua mahindi mengi hata mia hivi, ukichukua kumi kizazi kinadhoofika. Halafu mengine yaache ghalani bila dawa, yatakayobaki mazima ndo uyapande. Chotara usirudishie kupanda, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake 😂

Mkulima_Kongwa: Dah asante mzee, kwa hiyo dawa niache?

Bwanashamba Mstaafu: Thubutu kuyaacha yote bila kinga! Ya kula kausha vizuri utie kwenye mifuko isiyopitisha hewa.