Tupeane uzoefu: nyama imeganda kama jiwe na wageni wako njiani

Mama Mapacha: Jana saa kumi jioni nafungua friza, kuku mzima kaganda, na watu wanakula saa moja. Nikakumbuka ya mwaka juzi, mkono ukasita. Siku ile nilimtumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto. Ngozi ikalainika upesi, nikaona mambo yamekaa sawa, nikambandika. Mezani mume wangu anakata paja, kwenye kiungo nyama bado ya waridi, maji mekundu yakachuruzika sahanini. Na upande mmoja tulikuwa tumeshaula. Kesho yake usiku mwanangu wa miaka minne alianza kuhara mpaka macho yakaingia ndani. Tulilazwa siku mbili, yuko kwenye dripu. Daktari alisema ni bakteria aitwaye Salmonella. Wenzangu mnafanyaje?

Mzee wa Jikoni: Pole sana binti yangu. Mimi naitoa asubuhi, naiacha kwenye sinki hadi jioni. Miaka ishirini hajaumwa mtu.

Binti Karafuu: Shikamoo mzee, ila hapo naomba nikupinge. Nje inayeyuka mapema, inashinda kwenye joto huku ndani bado barafu. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana, na friza haikuwaua, iliwalaza tu.

Mzee wa Jikoni: Marahaba. Naichemsha ikaiva kabisa, bakteria gani atabaki?

Binti Karafuu: Yeye anakufa. Wapo wanaoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Fundi Kiraka: Nyie mna kuhara, mimi nina kovu. Vipande viwili vilishikana, nikachomeka ncha ya kisu katikati na kukandamiza, mkono wa kushoto umeshikilia. Barafu ikaachia ghafla. Kisu kilizama kiganjani. Maumivu sikuyasikia, niliona tu ile barafu nyeupe inageuka nyekundu. Kano ilikatika, nikafanyiwa upasuaji. Hadi leo kidole cha shahada hakikunji vizuri.

Dada Tausi: Uwiii! Pole kaka. Damu uliizuiaje?

Fundi Kiraka: Kitambaa safi, nikakandamiza kwa nguvu na kuinua mkono juu hadi hospitali. Wekeni karatasi ya plastiki kati ya vipande kabla ya kugandisha, nawaomba.

Asha wa Pili: Mimi pia kisu, ila kilinikwaruza tu. Sirudii.

Jirani Mwema: Turudi kwa kuku. Mfuko usiovuja, maji baridi ya kumfunika, badilisha kila nusu saa. Nusu kilo ni kama saa moja, kilo moja na nusu saa mbili hadi tatu. Akilainika apikwe hapo hapo.

Mpishi wa Zamu: Yote hiyo ya nini? Mtoe jana yake, friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli maji yake yasidondokee mboga. Kilo mbili na kitu ni saa 24. Na mipango ikibadilika unamrudisha friza. Wa kwenye maji au maikrowevu harudi mpaka apikwe.

Mzee wa Jikoni: Kurudisha tena? Inakuwa kama kamba!

Mpishi wa Zamu: Utamu unapungua mzee, lakini haidhuru mtu.

Dada Tausi: Mimi vipande vidogo navitia sufuriani na barafu yao, muda naongeza nusu.

Fundi Kiraka: Sufuria ya maji sawa. Mafuta ya moto usithubutu, barafu ikigusa yanaruka usoni.

Binti Karafuu: Ya kusaga ibonyeze kwenye mfuko iwe bapa, unene wa kidole, ndipo ugandishe. Inayeyuka upesi mno.

Mama Mapacha: Asanteni. Jana nilimweka kwenye maji baridi kama Jirani anavyosema, nikabadilisha mara sita. Saa moja naingiza vidole tumboni, bado nagusa barafu imeshika mbavuni. Nikawaambia wageni ukweli. Tulikula saa tatu na nusu, na paja nililikata mwenyewe kwanza.